Mume wangu na wavu wa baba yangu

Mume wangu alipokufa, wengi waliokuja kwenye matanga hawakujua alikuwa mtu wa kazi gani. Walimjua kama muzee mrefu anayekwenda misa ya kwanza polepole, goti moja likiwa gumu. Katekista alikuja na karatasi kuandika maneno ya kusoma kaburini, akaniuliza marehemu alitumika kazi gani. Nikamwambia alikuwa mchezaji wa tenisi, professionnel. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mjane ambaye hajalala. Akaandika "mwalimu".

Sikumbishia. Siku ile sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Na ni kweli alifundisha. Lakini sasa nyumba imetulia, wageni wamerudi kwao Mahagi, na sitaki neno lile la katekista libaki peke yake. Masomo yangu ni madogo, niliishia primaire kwa masista, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema.

Katika miaka ile ya Zaire, Bunia ilikuwa na uwanja mmoja wa tenisi, nyuma ya nyumba kubwa tuliyoiita serkle, ambako wazungu walikuwa wakinywa na kucheza. Serikali ilipochukua maduka ya wageni na kuwapa wananchi, Wagiriki wengi waliokuwa nayo waliondoka, na serkle ikabaki kwa wakubwa wa ofisi na wafanyabiashara. Wao walitaka kucheza lakini hawakujua. Mume wangu alijua. Alijifunza kwa mapadri alipokuwa seminari ndogo, juu ya kamba iliyofungwa mti kwa mti, kabla hawajaona kwamba hana wito. Kamati ikamwajiri awafundishe, autunze uwanja, na acheze kwa jina la Bunia katika mashindano ya mashariki.

Kuwa professionnel maana yake si kuwa mkubwa. Maana yake ni kwamba mchezo ndio unaokulisha. Huku mashariki walikuwa wachache wa namna hiyo, na ligi kule Kisangani iliwapanga kwa namba kila mwaka. Yeye alikuwa wa mwisho. Mwaka mmoja alikuwa wa pili kutoka mwisho, kwa sababu mwenzake mmoja alivunjika mkono. Alirudi nyumbani akaniambia, "Mama, nimepanda," na tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa niseme juu ya wavu.

Wavu walioacha wazungu uliliwa na mchwa. Duka la kununua mwingine halikuwepo, hata Kisangani haukupatikana. Kamati ikauliza nani mjini anajua kufuma wavu, na watu wa soko la Mudzipela wakawapeleka kwa baba yangu. Baba alikuwa mvuvi wa upande wa Mahagi kabla hajahamia Bunia kuuza samaki. Alifuma wavu ule kwa uzi wa nailoni, mwezi mzima, mbele ya nyumba yetu, na ulikuwa mzuri kuliko ule wa wazungu. Siku ya kuufunga alikwenda mwenyewe. Alivuta kamba ya juu toka mti mmoja mpaka mwingine, akaikaza, akaipiga kwa kidole ikalia kama uzi wa gita. Ilinyooka bila kulegea mahali popote. Kwa mvuvi huo ndio wavu. Kamba ya juu ikilegea, samaki wanapita.

Siku ile nilikuwa nimembebea baba chakula. Ndipo mume wangu aliponiona, na mengine yakafuata. Mwaka uliokuja tulikuwa tumefunga ndoa, tukakaa katika nyumba ya chumba kimoja na sebule, upande wa Bigo.

Safari yake ya kwanza ya mashindano, baada ya ndoa, ilikuwa Kisangani, siku nyingi juu ya lori, matope ya Mambasa mpaka kiunoni. Alishindwa mchezo wa kwanza. Aliporudi aliniambia jambo moja, taratibu, akiwa anavua viatu.

"Wavu ya baba iko na kosa."

"Kosa gani?"

"Kule katikati inashuka. Urefu wa kiganja hivi, karibu. Ya baba iko sawasawa kote."

Nilimuuliza kama hilo ni jambo kubwa. Akanieleza. Bunia alizoea kupiga mpira upae juu ili upite wavu. Kisangani aliupiga vile vile, mkono haukujua njia nyingine, na mpira ukamfikia mwenzake kifuani, laini, kama umeletwa kwenye sahani. Wale wa Kisangani walipiga chini, ukapita katikati kama panya anayepita chini ya mlango, na yeye hakuwahi kujifunza kuupokea.

Nikasema basi ushushe. Akasema hapana, akaviweka viatu mlangoni.

Nilijua kwa nini. Kwetu mkwe hamwambii baba wa mke wake kwamba kazi ya mikono yake ina kosa. Akipewa na mkwewe kiti chenye mguu mfupi, anakikalia na kuinama upande. Wala hawasemezani moja kwa moja hivi hivi: neno linapitia kwa mtu wa katikati. Na kuifungua kwa mikono yako kamba aliyoikaza yeye, hilo ni tusi ambalo hata faini ya mbuzi hailimalizi. Na mimi singeweza kumwambia baba, kwa sababu angejua ni mume ndiye aliyenituma.

Kwa hiyo alifanya mazoezi juu ya wavu ule miaka yote, na alisafiri kushindwa. Goma alishindwa, Bukavu alishindwa, Kisangani tena. Kila mara alirudi, akafua nguo zake nyeupe mwenyewe, akaufagia uwanja kesho yake. Sijawahi kumsikia akimtaja baba kwa ubaya. Baba naye hakukanyaga tena serkle tangu siku ya kuufunga wavu. Alipoulizwa sokoni juu ya mkwe wake alisema, "Wavu yangu ile haikamate kitu."

Halafu kamati ikapata prezida mpya, mkubwa wa ofisi fulani, mtu mnene wa abakosti safi, ile koti ya wakubwa isiyo na tai, ambaye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa mume wangu na hakuendelea sana. Mwaka ule mashindano ya mashariki yalipangwa kufanyika kwetu kwa mara ya kwanza. Prezida alikuja mpaka uwanjani, nami nilikuwepo, nikimpelekea mume wangu uji.

"Citoyen," alisema, kama wananchi wote walivyoitwa miaka ile, "wageni batakuja hapa kwetu. Ukishindwa mchezo ya kwanza hapa nyumbani, mbele ya batu, minakutoa uwanjani. Kwenye baa tunahitaji mutu ya kuangalia kreti za bia."

"Nimesikia, prezida."

"Si mimi ninakufukuza. Ni raketi yako."

Akacheka, akaenda. Mume wangu alimaliza uji wote. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Kreti haziruke. Nitazishika vizuri." Lakini nilijua ya kwamba akitolewa pale hatacheza tena mahali popote, kwa sababu ligi haikumpanga mtu asiye na uwanja. Yote yalisimama juu ya mchezo mmoja.

Wiki chache kabla ya mashindano, ligi ilimtuma mwamuzi kuja kukagua uwanja. Alishuka na ndege ndogo, mtu mfupi, mpole, mwenye mita ya kukunja mfukoni. Alipima mistari, akaridhika. Akapima wavu kwenye miti, akaridhika. Akaja katikati, akapima, akapima tena.

"Hapa iko juu," akamwambia prezida.

"Tangu tunacheza iko hivi."

"Basi tangu munacheza iko mubaya."

Maneno hayo yalifika sokoni Mudzipela kabla mwamuzi hajakunja mita yake. Yalifika yamebadilika kidogo: kwamba kuna mtu wa Kisangani anakata wavu ya muzee. Baba aliacha samaki wake juu ya meza akaja na kisu chake mkononi, kile cha kutolea magamba, na nusu ya soko nyuma yake. Mimi nilikuwa ninachota maji kwenye bomba la serkle. Nilisikia sauti yake kabla sijamwona.

"Nani anashika wavu yangu?"

"Ni mimi, papa," mwamuzi akasema, akitazama kisu. "Ni mimi mwamuzi."

"Uliisha kuvua samaki hata siku moja?"

"Hapana, papa."

"Basi unajua nini ya wavu? Kamba ya juu ikilegea, wavu imekufa. Samaki anapita juu, anakucheka."

"Papa, hapa hatuvue. Hapa mupira inapaswa kupita."

Watu walicheka. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo, jirani yetu, akapaza sauti: "Muzee, miaka yote ulikuwa unawavulia wakubwa mipira, wao hata chumvi hawakuleta!"

Baba hakucheka. Alizunguka akamtafuta mume wangu, ambaye alikuwa amesimama mbali, karibu na jiwe la kusawazisha uwanja, macho chini, kama mkwe anavyosimama. Na pale, mbele ya watu wote, baba akamsemesha uso kwa uso, bila mtu wa katikati, akimwita mkwe. Wanawake wa soko wakashika vinywa.

"Bokilo. Kule unaendaka kucheza, wavu iko namna gani?"

Mume wangu alichora vumbi kwa kidole cha mguu.

"Ninakuuliza weye."

"Inashuka katikati, baba."

"Kwote?"

"Kwote."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu safari ya kwanza."

"Na ukanyamaza."

"Ni kazi ya mikono yako, baba."

Baba aliutazama wavu wake toka mwanzo mpaka mwisho. Kisu kilikuwa bado mkononi, na sijui kama alikikumbuka. Halafu akamgeukia yule wa Butembo, kwa sababu alihitaji mtu wa kumwambia, na kumwambia mkwe mwenyewe mara ya pili kungekuwa kupita kiasi.

"Unaona? Mutu anakubali kupigwa Kisangani, anapigwa Goma, anapigwa Bukavu, juu ya kuniheshimu. Huyu ni mutoto wa batu."

Akaomba sindano ya kufumia. Akakaa chini katikati ya uwanja, miguu ameinyoosha, akakata mkanda kutoka mfuko mweupe wa unga, akaushona juu ya kamba, akauvuta mpaka chini kwenye kigingi. Mwamuzi alipima, akasema bado kidogo. Baba akavuta tena. "Wavu ya kuacha vitu vipite," alikuwa akisema peke yake. "Ningejua, ningefuma yenye mashimo makubwa, ningemaliza kwa wiki moja."

Kuanzia siku ile, baba alikuja kila jioni baada ya kuuza samaki. Alikaa kwenye kigoda karibu na mti wa wavu. Adabu ilikuwa imerudi mahali pake, hakumsemesha mkwe wake tena. Alisemesha wavu.

"Wavu, unaona? Bado mipira inapita mbali juu yako. Haamini kama umeshuka."

Mume wangu alisikia, akapiga chini kidogo.

"Sasa hiyo imekugusa nywele. Mwambie arudie."

Naye alirudia. Alipiga ukutani asubuhi kabla wakubwa hawajaamka, alipiga mchana na padri mmoja wa zamani aliyekuwa bado na mguu mwepesi, na jioni alipiga mbele ya baba. Alikuwa kama mtu aliyezoea kuinama kila mlangoni, sasa anajifunza kwamba mlango mwingine ni mrefu. Mwili haukubali haraka. Kuna siku alinipa raketi nimshikie akasema, "Mama, mimi ni muzee kwa kujifunza hii." Lakini kesho yake alikuwepo.

Siku ya mchezo, Bunia ilihamia serkle. Walitoka Bigo, walitoka Mudzipela, kulikuwa na lori zima la watu kutoka Iga Barrière ambao hawakuwahi kuona tenisi na walidhani ni kama mpira wa miguu. Mpinzani wake alikuwa kijana wa Kisangani, wa namba za juu, mwenye raketi mbili na soksi zilizofika magotini. Alimsalimia mume wangu kwa adabu, kama mtu anayesalimia mlinzi wa mlango.

Mwamuzi alitangaza kwamba watu wanyamaze. Watu wa Iga walidhani kuna msiba.

"Kwani nani amekufa?" mama mmoja akauliza nyuma yangu.

"Hapana, mama, ndiyo desturi yao."

"Batu hivi bingi, na tunyamaze? Basi bangetuacha nyumbani."

Seti ya kwanza sitaki kuieleza sana. Mume wangu aliogopa. Mkono ulirudi kwenye mambo yake ya zamani, mipira ikapaa, yule kijana akaipiga chini mmoja baada ya mwingine, akaichukua seti ile. Kila mpira ulipotoka nje, watu wetu walishangilia kwa sababu ulikwenda mbali, mpaka wa Butembo akawaeleza kwamba hiyo ndiyo mbaya. Prezida alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, mikono juu ya tumbo. Sikumchukia. Nilimtazama tu, nikaona kwamba tayari anafikiri mambo mengine.

Katika seti ya pili, walipokuwa wameanza tu, baba akasimama kwenye kigoda chake.

"Wavu!" akaita. "Mwambie mlango iko wazi katikati! Nimefungua mimi mwenyewe! Apite!"

Mwamuzi akageuka kwenye kiti chake kirefu. "Papa, kaa chini. Hapa hawasemeshe mchezaji."

"Nani anasemesha mchezaji? Ninasema na wavu yangu."

"Papa."

"Niliifuma mimi. Nisiseme nayo?"

Hata yule kijana wa Kisangani alicheka. Mume wangu hakucheka. Lakini aliinua uso, akamtazama baba yangu, kitu ambacho mkwe hafanyi, akaitikia kwa kichwa mara moja. Halafu akapiga mpira wake wa kwanza wa chini. Ulipita juu ya ule mkanda mweupe, nadhani unga wa mfuko ulitoka kama vumbi, ukadunda kidogo tu na kufa miguuni mwa kijana.

Kijana aliuangalia kama deni la mtu mwingine.

Sasa sina maneno ya tenisi ya kutosha kueleza yaliyofuata. Ninajua kwamba alikuwa akipiga juu moja, chini moja. Ile ya juu, ya Bunia, aliyoipiga miaka yote juu ya wavu wa baba, iliruka karibu na mstari wa nyuma ikampandia kijana mpaka begani, maana hakuna mtu mwingine mashariki aliyejua kuipandisha hivyo na kuishusha ndani. Kijana akirudi nyuma kuitafuta, ya chini inapita katikati. Akikimbilia mbele, ya juu inampita kichwani. Alikimbia kama mtu anayefukuza kuku wawili. Soksi zilishuka mpaka kwenye vifundo.

Watu walisahau kunyamaza. Wanawake wa soko walipiga vigelegele hata katikati ya mpira, mwamuzi aliomba, akachoka, akaacha. Mama wa Iga alikuwa amesimama juu ya kiti cha mtu akipiga kelele, "Mukimbize! Mukimbize ende kwao!" na wala hakujua nani anaongoza.

Seti ya pili ikawa yetu. Ya tatu ilikwenda ngumu, sawa kwa sawa, jua limeshuka upande wa mlima. Mwishoni mume wangu alihitaji mpira mmoja. Nilifumba macho, ninasema ukweli, sikuuona mpira ule. Nilisikia kishindo cha raketi, halafu kingine, halafu kingine, halafu kitu kama ukuta wa nyumba kuanguka, na zilikuwa ni sauti za watu.

Nilipofumbua macho alikuwa juu ya mabega ya wachuuzi wa samaki. Raketi ilikuwa mkononi mwa mtu nisiyemjua. Yeye alikuwa analia na kucheka, na kila alipoweza kugeuka alikuwa ananitafuta kwa macho mahali ambapo sikuwa. Walimbeba mpaka Mudzipela, wakazunguka soko ingawa limefungwa, wakamrudisha Bigo. Nilitembea nyuma na baba. Njia nzima baba alikuwa akisalimia kila mtu, hata wale aliokuwa hasemezani nao.

Kesho yake alicheza na mtu wa Bukavu akashindwa, tena vibaya. Ninaliandika kwa sababu ni kweli. Alikuwa amechoka na mtu wa Bukavu alikuwa bora. Watu walikuja vilevile, walishangilia vilevile, wakamsindikiza nyumbani kama jana. Mama wa Iga aliniambia kwamba huyu wa leo alikuwa na bahati tu.

Mume wangu alicheza miaka mingi baada ya hapo, mpaka goti lilipokataa. Alishinda Goma, alishinda mara mbili Kisangani, alipanda katika ile orodha ya ligi mpaka karibu na katikati na akabaki hapo. Alishindwa zaidi ya alivyoshinda. Hakuwahi kuwa mkubwa, na sitasema alikuwa, hata sasa ambapo hayupo wa kunikataza.

Lakini nikimkumbuka, ninamkumbuka Jumatatu baada ya mashindano. Nilimpelekea uji kama kawaida. Alikuwa anamwagia uwanja maji, bila viatu, suruali imekunjwa, anaimba. Prezida aliingia kwa mlango wa serkle, abakosti imepigwa pasi, raketi chini ya kwapa. Alisimama kwenye mstari, akakohoa.

"Citoyen."

"Prezida."

"Ile ya chini. Ile inapita katikati." Alitazama huku na huku kama kuna mtu wa kumsikia. "Unaweza kunifundisha?"

Mume wangu alifunga bomba. Alijipangusa mikono kwenye suruali, akachukua kikapu cha mipira, akakipindua katikati ya uwanja, mipira yote ikaenda kila upande mpaka kwenye maua.

"Ninaweza," akasema. "Tunaanza na kuokota."

Prezida alimtazama yeye, akanitazama mimi na sufuria yangu. Akaweka raketi chini. Halafu akafungua kifungo cha juu cha abakosti, akainama.